Mzee alikuwa mpiga mizinga, sasa hayapati maneno: je, apandikizwe kifaa cha koklea?

Swali: "Baba yangu ana umri wa miaka 68, ni mstaafu wa jeshi, na tunaishi naye Chamwino. Mwaka 1978 na 1979 alikuwa kwenye kikosi cha mizinga katika Vita vya Kagera, na anasema tangu siku hizo masikio yake huvuma usiku. Kwa miaka kama kumi sasa anasikia kuwa tunaongea, lakini haelewi tunachosema. Tulimnunulia shimesikio mbili, yaani vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kukuza sauti, akazivaa miezi michache kisha akaziweka kabatini akisema zinampigia kelele tu. Alipopimwa tuliambiwa sikio la kulia ni desibeli 70 na la kushoto ni 90. Sikio la kushoto pia hutoa usaha kila anapopata mafua. Mwenzake wa jeshini amemwambia kwamba siku hizi kuna mashine inayowekwa kichwani na kurudisha usikivu, na tangu hapo hana wazo jingine. Kaka zangu wanataka tuuze kiwanja chetu cha Ihumwa pamoja na ng'ombe ili apasuliwe. Mimi naogopa umri wake, na naogopa fedha iishe na bado asisikie. Je, kifaa hicho kinaweza kumsaidia, au tunadanganywa?"

Jibu: Dada yangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Barua yako ina maswali mawili ambayo familia nyingi za wastaafu wa jeshi huyachanganya. Moja ni la kitabibu: je, masikio yake yamefika mahali ambapo shimesikio haziwezi tena na kifaa cha kupandikizwa kinaweza? La pili ni la nyumbani: je, ni busara kuuza mali kabla ya lile la kwanza kujibiwa? Hamdanganywi kuhusu kuwepo kwa kifaa, na kwa namba ulizonipa inawezekana kabisa mzee akawa miongoni mwa watu wanaofaa kupewa kifaa hicho. Hata hivyo yapo mambo matatu ambayo lazima yafanyike kabla ya mtu yeyote kutaja upasuaji, na hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kiwanja kiuzwe.

Nianze na kilichotokea masikioni mwake, kwa sababu mkikielewa hicho mtaelewa pia kwa nini zile shimesikio zilimchosha. Sauti inapoingia sikioni hutikisa kiwambo, kiwambo husukuma vifupa vitatu vya sikio la kati, na vifupa hupeleka mtikisiko huo ndani ya koklea, ambayo ni mfereji mdogo uliojizungusha karibu mara mbili na nusu na kujaa majimaji. Ndani ya koklea moja kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Kazi ya kugeuza mtikisiko kuwa umeme na kuukabidhi kwa neva ya kusikia hufanywa hasa na safu ya ndani yenye seli kama 3,500, na hizo nyingine hukuza sauti hafifu ili safu ile iweze kuzipokea. Seli hizi zimepangwa kwa mfuatano: zile za mwanzoni mwa mfereji hushughulikia sauti nyembamba, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo zinavyoshughulikia sauti nene.

Wataalamu wa usalama kazini huweka desibeli 140 kuwa kikomo cha mshindo mmoja wa ghafla kwa sikio lisilo na kinga. Bunduki ya kawaida ya vita huvuka kikomo hicho, na askari wanaohudumia mzinga wakiwa karibu na mtutu hupokea mishindo inayopita desibeli 170, na kwa kuwa kipimo cha desibeli hakipandi kama namba za kawaida, tofauti hiyo ya 30 ina maana ya shinikizo la hewa lililo kubwa zaidi ya mara thelathini. Mshindo wa namna hiyo unaweza kung'oa seli za koklea kwa mara moja, na ukiwa karibu sana hutoboa hata kiwambo. Kwa binadamu seli hizo zikishakufa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kisha uzee unapofika hupunguza nyingine juu ya pengo lililokuwapo tayari, na ndiyo sababu mtu hutoka vitani akiwa na mvumo tu, akaishi miaka thelathini akijiona mzima, halafu mambo yakaharibika haraka baada ya kustaafu.

Hapa ndipo ilipo siri ya "anasikia lakini haelewi". Irabu za Kiswahili ni nene na zina nguvu, kwa hiyo zinamfikia. Konsonanti kama s, sh, f na ch ni nyembamba na dhaifu, na hizo ndizo zilizopotea. Mwambie mzee wako "saba" na "shaba" kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, au "suka", "shuka" na "fuka", na utaona kwamba kwake hayo ni maneno yale yale. Anabaki na mifupa ya sentensi na analazimika kubahatisha nyama yake, kazi ambayo humchosha mtu kabla ya saa nne asubuhi. Ninalisisitiza hili kwa sababu katika nyumba nyingi huzuka maneno kwamba mzee "anasikia anachotaka", hasa anapojibu vizuri asubuhi na kukaa kimya jioni. Hafanyi hivyo kwa kusudi. Asubuhi kuna utulivu, yuko na mtu mmoja, na uso wa mtu huyo anauona.

Kwetu huku Ugogoni kuna jambo lingine linaloficha tatizo. Mgeni akifika na kusema mbukwenyi, salamu zinafuatana kwa mpangilio ambao mzee ameujua tangu utotoni, kwa hiyo anaitikia kila moja mahali pake na mgeni anaondoka akiamini kwamba masikio ni mazima. Ni habari zinazokuja baada ya salamu ndizo zinazompita. Wastaafu wa jeshi huongeza na la kwao: wamefundishwa kuitikia amri papo hapo, na wengi hujibu "ndiyo" kwa kila swali hata ndani ya chumba cha vipimo. Msimpime kwa majibu yake ya "ndiyo".

Sasa nizungumzie shimesikio, maana ndilo jambo la kwanza kati ya yale matatu. Kazi ya shimesikio ni kuongeza nguvu ya sauti na kuipeleka kwenye koklea ile ile. Pale ambapo seli zimepungua, nguvu hiyo inasaidia sana. Pale ambapo hazipo kabisa, ni kama kumwongezea taa mtu anayesoma gazeti lililofutika herufi. Mzee anaposema "zinampigia kelele tu" inaweza kuwa hali hiyo ya pili, na ikiwa hivyo kifaa cha kupandikizwa kina hoja. Lakini inaweza kuwa sababu nyepesi zaidi, na kwa kweli ndizo ninazozikuta mara nyingi: shimesikio zilizonunuliwa zikiwa na mpangilio wa kiwandani na hazikuwahi kurekebishwa kulingana na chati ya masikio yake, kizibo kisichotengenezwa kwa umbo la sikio lake, kwa hiyo sauti inavuja na kupiga mluzi, nta iliyoziba tundu, au betri dhaifu. Zile betri ndogo zinazofanya kazi kwa kuvuta hewa hukauka haraka katika hewa kavu kama ya Dodoma, na familia nyingi hudhani kifaa kimeharibika kumbe betri imekauka wiki moja baada ya kubanduliwa karatasi yake. Kwa mtu mwenye usikivu wa desibeli 70, shimesikio yenye nguvu ya kutosha na kizibo kilichochongwa kwa sikio lake bado inaweza kufanya kazi ya maana. Zitoeni kabatini, mzipeleke zirekebishwe, kisha azivae kila siku kwa mwezi mzima au miwili, akianza na saa chache ndani ya nyumba tulivu, kwa sababu ubongo uliokaa miaka kumi bila sauti nyembamba huzipokea mwanzoni kama kero.

Jambo la pili ni kipimo ambacho barua yako haikukitaja, nacho ni kipimo cha maneno. Zile namba 70 na 90 zinaonyesha sauti ndogo kabisa anayoweza kuigundua, kwa hiyo namba ikiwa kubwa zaidi sikio ni baya zaidi. Hazionyeshi anaelewa kiasi gani inapokuwa kubwa ya kutosha, na watu wawili wenye desibeli 70 wanaweza kutofautiana mno: mmoja akapata maneno manane kati ya kumi, mwingine matatu. Kanuni inayotumiwa sana kuamua nani apelekwe kwa tathmini ya kifaa cha kupandikizwa ni rahisi kukumbuka. Ni kwamba sikio lililo zima zaidi liwe na wastani wa desibeli 60 au zaidi, na mtu apate asilimia 60 au pungufu ya maneno ya silabi chache yanayosomwa kwa sauti anayoisikia vizuri. Sharti la kwanza mzee ameshalitimiza, kwa kuwa sikio lake zuri ni 70. La pili halijajulikana. Baada ya hapo timu ya upandikizaji humpima tena akiwa amevaa shimesikio zilizorekebishwa, na matokeo hayo ndiyo yanayoamua. Naomba msisitize kwamba maneno ya kipimo yawe ya lugha anayoishi nayo. Kama mzee anafikiri na kuota kwa Kigogo na Kiswahili chake ni cha kambini, orodha ya maneno ya Kiingereza au hata Kiswahili cha vitabuni inaweza kupima elimu yake badala ya masikio yake.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo la haraka kuliko yote, ni usaha wa sikio la kushoto. Sikio lililo upande wa mshindo linaweza kutobolewa kiwambo, na tundu lisiloziba huruhusu maambukizi kurudi kila mafua yanapokuja. Nashuku ndivyo ilivyo kwa mzee, lakini lazima daktari bingwa wa masikio, pua na koo aliangalie kwa darubini, kwa sababu usaha wa miaka mingi unaweza kuwa umeandamana na ngozi iliyoota ndani ya sikio la kati, ambayo hula mfupa polepole bila maumivu. Ugonjwa huo hutibiwa kwa upasuaji wake wenyewe. Zaidi ya hayo, ile namba 90 inaweza kuwa na sehemu mbili ndani yake: sehemu ya koklea, ambayo hairudi, na sehemu ya kiwambo na vifupa, ambayo mara nyingine hutengenezeka. Kipimo cha kupitisha sauti kwenye mfupa wa nyuma ya sikio ndicho kinachozitenganisha. Muulize aliyempima kama kilifanyika. Kwa wakati huu msimimine chochote ndani ya sikio hilo, iwe mafuta ya moto, maji ya kitunguu au dawa ya matone iliyobaki kwa mtoto. Baadhi ya matone yana dawa za jamii ya gentamaisini ambazo zikipita kwenye tundu la kiwambo zinaweza kuidhuru koklea iliyobaki. Mkiwa kwa daktari mtajieni pia kama mzee amewahi kutibiwa kifua kikuu kwa sindano, kwa sababu streptomaisini huharibu seli hizo hizo zilizoharibiwa na mizinga. Kwinini nayo huvumisha masikio, ingawa kwa kawaida hali hupungua dawa inapoachwa.

Sasa kifaa chenyewe. Yule mwenzake hakusema uongo, ila hakukielewa vizuri, na mzee asiende kwenye chumba cha upasuaji na picha hiyo. Kifaa hakiwekwi kwenye ubongo. Kina sehemu mbili. Ya nje ni kichakata sauti, ambacho hukaa nyuma ya sikio, hupokea sauti kwa maikrofoni na kuigeuza kuwa maelekezo ya kidijitali, kisha huyarusha kupitia ngozi kwa koili iliyoshikiliwa na sumaku. Ya ndani ni kipokezi kilichofichwa chini ya ngozi ya kichwa, chenye uzi mwembamba unaoingizwa ndani ya koklea. Kwenye uzi huo kuna elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme, kati ya 12 na 22 kutegemea mtengenezaji, na kila elektrodi husisimua eneo lake la neva ya kusikia, ile ya mwanzoni kwa sauti nyembamba na ile ya ndani kwa sauti nene. Kwa maneno mengine, kifaa huruka seli zilizokufa na kuzungumza na neva moja kwa moja. Neva hiyo ina nyuzi kama 30,000, na kwa watu wengi walioharibiwa na kelele huwa imebaki hai kwa kiwango cha kutosha kwa miaka mingi baada ya seli kufa.

Wengi hapa nchini wanaamini kwamba kifaa hiki ni cha watoto, na sababu ninaielewa: tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza upandikizaji mwaka 2017, picha tunazoziona ni za watoto waliozaliwa bila kusikia, ambao wanahitaji kuwahiwa kabla dirisha la kujifunza lugha halijafungwa. Lakini kihistoria watu wazima ndio waliotangulia. Jaribio la kwanza la kusisimua neva ya kusikia kwa umeme kwa kifaa kilichopandikizwa lilifanyika Paris mwaka 1957 kwa mtu mzima, na Marekani iliidhinisha kifaa kwa watu wazima mwaka 1984, miaka kadhaa kabla ya kukiidhinisha kwa watoto. Mtu aliyepoteza usikivu akiwa amekwisha kuijua lugha ana hazina kubwa, kwa kuwa ubongo wake unayakumbuka maneno na unatafuta tu njia mpya ya kuyapokea. Umri wa miaka 68 peke yake si kizuizi. Wapo wanaopandikizwa wakiwa na zaidi ya miaka 80. Kinachoangaliwa ni moyo, shinikizo la damu, sukari, uwezo wa kuhimili dawa ya usingizi, na kama akili yake bado inaweza kujifunza.

Kujifunza ndilo neno ambalo ningependa mzee alishike. Upasuaji huchukua saa mbili hadi tatu hivi, na wengi hurudi nyumbani siku ya pili yake. Kifaa huwashwa wiki chache baadaye, kidonda kikishapona, na siku hiyo watu wengi huvunjika moyo, kwa sababu sauti za watoto wao zinawajia kama za roboti au kama milio isiyo na maana. Halafu, kwa mazoezi ya kila siku, maneno huanza kujitokeza. Maendeleo makubwa huonekana katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza na huendelea hadi mwaka mmoja na zaidi. Katika kipindi hicho lazima arudi mara kwa mara ili kila elektrodi ipangiwe kiwango chake. Wastaafu wa jeshi hufanya vizuri katika hatua hii, nami nimelishuhudia hilo kwa furaha: ukimwambia askari kwamba kuna zoezi la nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, anasomewa gazeti na mjukuu huku yeye akirudia kila sentensi, atalifanya bila kukumbushwa.

Yapo ambayo kifaa hakitayarudisha, na ni haki yake kuyajua mapema. Kwenye kelele za harusi au mnada wa ng'ombe bado atapata shida. Muziki hupitishwa vibaya, maana elektrodi ishirini haziwezi kubeba tofauti ndogo za noti. Mtu aliyependa zeze na ilimba anaweza kupata mdundo na maneno lakini asiupate utamu aliokuwa akiujua. Mvumo wa usiku hupungua kwa wengi wakati kifaa kimewashwa, ila hakuna anayeweza kuahidi hilo, na kwa wachache hubaki vile vile. Akikivua alale, sikio hilo halitasikia kitu, kwa kuwa usikivu wa asili uliokuwa umebaki mara nyingi hupotea wakati wa upasuaji. Hatari za upasuaji ni kizunguzungu cha muda, ladha ya ulimi kubadilika, maambukizi, na kwa nadra sana kudhuriwa kwa neva inayoendesha misuli ya uso. Homa ya uti wa mgongo ni adimu lakini ni ya kweli, kwa hiyo chanjo ya kuzuia bakteria wa nimonia hutolewa kabla. Na kwa kuwa ndani kuna sumaku, kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa mashine yenye sumaku kubwa, baadaye kitahitaji maandalizi maalumu. Kila daktari atakayemhudumia lazima aambiwe.

Utaniuliza, basi ni sikio lipi? Kwa kawaida hupandikizwa lililo baya zaidi, na lililo zuri hubaki na shimesikio, kwa sababu viwili hivyo vikifanya kazi pamoja mtu husikia vizuri kuliko kwa kimoja. Kwa mzee wako hilo lina mgongano, maana sikio baya ndilo lenye usaha, na hakuna daktari mwangalifu atakayepitisha uzi wa elektrodi kwenye sikio lenye maambukizi. Litakaushwa kwanza, pengine kwa upasuaji wa awali na kusubiri miezi kadhaa. Ndiyo maana nikasema kiwanja hakina haraka.

Kuhusu fedha nitasema bila kuzunguka. Kifaa na upasuaji hugharimu makumi ya milioni ya shilingi, lakini gharama inayoziangusha familia ni ile inayofuata. Kichakata sauti cha nje huchakaa na kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Nyaya, koili na betri huharibika. Vumbi letu la miezi ya upepo huziba maikrofoni. Na safari za kurekebisha zinaendelea maisha yote, ingawa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mzigo wa kwenda Dar es Salaam na kurudi umepungua. Marekani, ambako mvumo masikioni na kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa madhara yanayoongoza kwa kulipiwa fidia kwa wastaafu wa jeshi, idara inayowahudumia haishii kwenye upasuaji tu: mstaafu anayestahili hupewa pia betri, matengenezo na kichakata kipya wakati unapofika. Mimi huamini hiyo ndiyo maana halisi ya programu ya upandikizaji, na ningetamani kila mstaafu wetu aipate. Kwa hiyo, kabla ya kuuza chochote, pateni majibu ya maandishi kutoka bima yake na kutoka hospitali: nani analipia kifaa, nani analipia kichakata cha pili, dhamana ni ya miaka mingapi, vipuri vya aina hiyo vinapatikana nchini, na nani atakipanga kifaa akiwa hapa kati ya nchi. Chukueni pia nyaraka zake za utumishi zinazoonyesha kikosi na miaka, kwa kuwa chanzo cha tatizo lake kina uhusiano na kazi aliyoifanyia nchi, na ni halali muulize jeshini kuna msaada gani.

Msimamo wangu ni huu. Kama shimesikio zilizorekebishwa vizuri zitampa zaidi ya nusu ya maneno, ningewashauri mbaki nazo na fedha ya ng'ombe itumike kwa shimesikio bora na betri. Kama baada ya miezi miwili ya kuzivaa kwa uaminifu bado hapati nusu, sikio la kushoto limekauka, moyo wake umepimwa, na mnayo njia ya kulipia miaka ijayo, basi ningeunga mkono upasuaji kwa moyo wote, na nisingekubali mtu amwambie kwamba amezeeka mno kusikia. Kaka zako wana nia njema. Waambie tu kwamba kiwanja kikiuzwa leo kwa ajili ya upasuaji, hakitakuwapo siku ya kununua kichakata cha pili.

Wakati mnasubiri, msimpigie kelele, kwa sababu kelele huzikuza irabu ambazo tayari anazisikia na huukunja uso anaoutegemea. Mguse bega kwanza, kaa mbele yake mwanga ukiwa usoni pako, sema polepole kwa sentensi fupi, na asipoelewa badilisha maneno badala ya kurudia yale yale. Redio izimwe mnapoongea naye. Mkiwa wengi, akae kwenye kona mgongo ukielekea ukutani, na mtu mmoja ajitolee kumwambia mada imebadilika. Usiku, mvumo ukimsumbua, sauti ndogo ya redio au feni husaidia, kwa kuwa ukimya mtupu huufanya uonekane mkubwa.

Zipo dalili ambazo hazisubiri miadi. Usikivu ukishuka ghafla ndani ya saa au siku chache, hata kwa sikio moja, mpelekeni siku hiyo hiyo, maana kuna dawa zinazofanya kazi zaidi zikianza mapema. Vivyo hivyo usaha ukiwa na harufu mbaya au damu, uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, kizunguzungu kikali, upande wa uso kulegea, au homa yenye maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa.

Kama hakuna dalili hizo, anzeni wiki hii kwenye kliniki ya masikio, pua na koo ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, mkiwa na chati ya usikivu, shimesikio zote mbili pamoja na betri zake, orodha ya dawa anazotumia na kadi ya bima. Ombeni mambo matatu kwa majina yake: sikio la kushoto liangaliwe kwa darubini, usikivu upimwe tena kwa hewa na kwa mfupa, na kipimo cha maneno kifanyike akiwa na shimesikio na bila shimesikio. Nenda naye wewe mwenyewe, kwa kuwa umeyaandika matatizo yake kwa uangalifu kuliko wengi, lakini daktari anapouliza swali, mwache mzee ajibu kwanza.